Umeme Kichwani mwa Mama

Ugonjwa wa mama yangu ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Wakati huo alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yetu, Kasulu mjini, na sisi tuliona tu kwamba uzi unachukua muda mrefu kuingia kwenye tundu la sindano. Alisema macho yamechoka. Tukamnunulia miwani. Kisha mkono mzima ukaanza kucheza wenyewe juu ya meza, naye akijaribu kuukandamiza kwa mkono mwingine kama anayemshika kuku asiruke.

Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa ualimu wa shule ya msingi huko Kibondo, kwa hiyo nilimwona mama likizo hadi likizo, na kila likizo nilimkuta amepungukiwa na kitu. Safari moja nilikuta cherehani imefunikwa kwa kitenge. Safari nyingine hakuweza tena kushika kikombe kilichojaa. Halafu uso wake ukakauka: ukimsimulia jambo la kuchekesha, macho yanataka kucheka lakini mashavu hayasogei. Majirani walisema mengi, wengine wakamtaja fundi mwenzake wa mtaa wa pili kwamba ndiye aliyemroga. Daktari wa hospitali ya wilaya ndiye aliyetupa jina la ugonjwa: Pakinsoni. Akasema ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, na dawa zake zipo ila zinasaidia kwa muda tu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Kwetu Buha, nchi ya sisi Waha, hatukuzoea kumwona mzee wa umri wake akisonga ugali, lakini alijifunza. Alimwogesha mama, alimfunga kitenge, alimlisha kwa kijiko. Dagaa aliwatoa vichwa kwanza, mmoja mmoja, kwa sababu mama alikuwa akipaliwa. Nilimheshimu sana kwa hilo, na bado namheshimu.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kuugua. Baba akisema twende, alikwenda. Akisema tukae, alikaa. Sikumbuki kumsikia akimkatalia jambo. Sikuwahi kulifikiria sana, ndivyo alivyokuwa tu, kama watu wengine walivyo wafupi au warefu.

Dawa zilipoanza kushindwa tulipewa rufaa kwenda hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, ambako madaktari wetu walikuwa wakishirikiana na wataalamu wa nje katika mradi wa matibabu mapya. Aliyetupokea alikuwa daktari wa kike, kijana, mwenye Kiswahili laini cha pwani. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kufungua faili lake, na hapo hapo baba akamwamini.

Akatuchorea kichwa kwenye karatasi.

"Tutapitisha nyaya nyembamba mpaka sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, inayoongoza mwendo wa mwili," alisema. "Nyaya zitashuka chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye mashine ndogo tutakayoiweka hapa kifuani. Mashine inatoa umeme kidogo sana, mchana na usiku. Umeme huo ndio unaotuliza kutetemeka. Hauondoi ugonjwa, ila unamrudishia mtu mikono yake."

Mama alinigeukia, akaniambia kwa Kiha nimuulize daktari kama huko ndani watagusa umutima.

Umutima kwa Kiha ni moyo. Lakini pia ni mahali panapotoka kutaka kwa mtu, woga wake na hasira zake. Nikatafsiri nilivyoweza: "Anauliza kama mtagusa moyo."

Daktari akatabasamu. "Hapana, mama. Moyo uko mbali kabisa, hatuufikii."

Mama akaridhika. Swali hilo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile, na mpaka leo sijapata neno la Kiswahili ambalo ningelitumia badala yake.

Daktari akaendelea kueleza kwamba mashine pia inasikiliza ubongo na kuhifadhi kumbukumbu zake. "Data zitakuwa za mradi," alisema. Sasa, kwa Kiha data ni baba. Mama alimtazama mumewe, akasema polepole kwa ile sauti yake iliyokuwa imefifia, "Kumbe wewe sasa ni wa mradi." Tulicheka wote, hata daktari tulipomwelezea. Katika kucheka huko hakuna aliyeuliza hizo data zina nini ndani yake.

Upasuaji ulifanywa mama akiwa macho. Walimnyoa nywele, wakamfunga kichwa kisitikisike, na walipokuwa ndani ya ubongo wake wakamwambia ahesabu na ainue mkono. Alitusimulia baadaye kwamba hakusikia maumivu, ila alisikia mlio wa kekee kwenye mfupa, na alikuwa akijiuliza kama mtu anaweza kutobolewa kichwa kama boriti na bado akabaki na sala zake zote.

Mashine haikuwashwa siku hiyo. Waliacha vidonda vipone kwanza. Siku ya kuwasha, tuliketi katika chumba kidogo, mama kwenye kiti, mkono wake ukigonga paja lake kama kawaida. Daktari akagusa kioo cha kishikwambi. Mkono ukaenda pole, ukaenda pole zaidi, ukasimama.

Mama aliutazama. Akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini. Baba akasema "Yesu wangu" akakaa sakafuni, mzee mzima, na suti yake. Mimi nilikuwa nalia na sikujua kama nashukuru au naogopa, kwa sababu jambo lililomtesa mama miaka yote hiyo lilikuwa limeondolewa kwa ncha ya kidole cha mtu, bila jasho.

Kabla hatujaruhusiwa, muuguzi alileta rimoti, kitu kidogo kama simu ya zamani. Ingeweza kupandisha umeme, kuushusha kidogo, au kuzima kabisa kwa dharura. "Nani msimamizi wa mgonjwa?" aliuliza. Baba akanyoosha mkono, akapewa rimoti na kufundishwa. Mama alikuwa ameketi hapo hapo, mikono imetulia kabisa mapajani.

Tuliporudi Kasulu, watu walikuja kuuona ule mkono. Walikuja wa jumuiya ya kanisani, walikuja wenye maduka wa jirani, yule fundi wa mtaa wa pili naye akaja na kilo ya sukari. Mama aliondoa kitenge kwenye cherehani na akatunga uzi kwenye sindano mbele yao. Wakapiga makofi. Mimi nikarudi Kibondo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu utotoni, nikawasimulia walimu wenzangu mpaka wakachoka.

Simu za baba zilianza baada ya muda si mrefu.

Mwanzoni alinipigia kumsifia mama. Mama anaamka alfajiri, anashona, anaimba. Halafu sauti yake ikaanza kubadilika. Mama ameshonea watoto wa mtaa mzima sare bila kuulizwa. Mama amemwambia padri, mbele ya watu, kwamba mahubiri yake yanarudi palepale. Mama amecheka msibani. Si kwa ubaya, alisema baba, marehemu mwenyewe alikuwa mcheshi na mama alikumbuka jambo lake moja, lakini alicheka kwa sauti na watu waligeuka.

"Anaongea, mwanangu," aliniambia. "Anaongea mfululizo. Mambo ya zamani, mambo ambayo mimi sikuyajua."

"Si vizuri, Baba? Alikuwa ameshaanza kupoteza sauti."

 Akasema, "Anataka kwenda kukaa Muyama."

Muyama ndiko alikozaliwa mama, huko Buhigwe. Shamba la wazazi wake lilibaki kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye ni mjane na analima kahawa na maharage. Mama alikuwa ametamka akiwa mezani, akila vizuri kwa mkono wake mwenyewe, kwamba tangu aolewe alikuwa anatamani kurudi kulima kwao, kwamba mji haukuwahi kumkaa moyoni, na kwamba sasa anakwenda. Hakugomba. Alisema tu, akaendelea kula.

"Huyo si mama yako," baba alisema. "Hiyo ni betri."

Nilipopata ruhusa nikaenda Kasulu. Nilimkuta mama barazani, nywele zimeanza kuota, fupi kama za mwanafunzi. Alinisalimia kwa kupiga makofi, salamu yetu ya Kiha, ndefu, na akanishika mikono yote miwili. Tulizungumza mchana kutwa. Aliniambia mambo mengi: kwamba alipokuwa msichana alikimbia kuliko kaka zake, kwamba alipoletwa Kasulu alilia mwaka mzima akiwa jikoni ili moshi usingiziwe, kwamba baba ni mtu mwema na hana ugomvi naye. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mgeni. Nilimpenda mgeni huyo. Na kila aliponishika mkono nilijikuta naangalia kifuani pake, pale mashine ilipotuna kidogo chini ya ngozi, na nikijisikia vibaya kwa kuangalia.

"Mama," nilimwuliza, "unajisikia kuwa wewe?"

Alifikiri. "Nikicheka, kuna wakati najiuliza, hili ni langu au la mashine? Halafu nakuwa nimeshacheka."

Baba ndiye aliyetaka daktari apigiwe. Mradi ulikuwa umetuachia simu maalumu inayozungumza na mashine, na kupitia mtandao daktari aliweza kurekebisha umeme akiwa huko huko Dar es Salaam. Tuliiegemeza simu kwenye chupa ya chai sebuleni. Daktari akaonekana kwenye kioo, koti jeupe, nyuma yake feni inazunguka.

Alisikiliza maelezo ya baba mpaka mwisho. Akasema jambo hilo linajulikana: sehemu inayoongoza mwendo iko karibu sana na sehemu zinazoongoza mambo mengine, na umeme wakati mwingine unamwagikia huko. Kuna wagonjwa wanaochangamka kupita kiasi. Akaomba ajaribu vipimo, kidogo kidogo, mama akimweleza anavyojisikia.

"Nabadilisha upande wa kushoto, mama. Vipi?"

"Salama."

"Na sasa?"

Mama akafungua mdomo kujibu, na uso wake ukakunjamana. Akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha machozi mawili matatu. Alilia kama aliyeletewa habari ya msiba, mabega yakipanda na kushuka, akisema kwa Kiha kwamba hana haja ya kuishi, hana haja. Baba akasimama. Mimi nikamkumbatia mama. Daktari naye aliona, akasema haraka, "Naondoa, naondoa," na kilio kikakatika katikati ya neno. Mama akajifuta uso kwa upande wa kitenge. Akatutazama.

"Nilikuwa nalia nini?" aliuliza.

 Nje muuza samaki alikuwa akipita na baiskeli, akiita migebuka, na sauti yake ilisikika mpaka akakata kona.

Baba aliketi tena. "Daktari," alisema, "kwa hiyo machozi ya mke wangu yako kwenye simu yako."

"Si hivyo, Mzee," daktari alisema, lakini hakusema ni vipi. Akamgeukia mama. "Mama, naweza kuushusha umeme kiasi ili utulie. Mkono unaweza kutetemeka kidogo. Wewe mwenyewe unataka?"

"Sitaki," mama alisema.

"Basi sitashusha."

"Lakini mgonjwa atajuaje?" Baba alipaza sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Mlevi ukimwuliza kama amelewa, atakuambia hajalewa."

"Na asiyelewa naye atakuambia hivyo hivyo, Mzee."

"Sasa utawatofautishaje?"

   "Sijui," daktari alisema. "Kwa kweli sijui. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye mwenye kichwa."

Baba akainama karibu na simu. Nadhani alisahau kwamba sisi wawili tulikuwepo. "Hizo data mnazochukua," aliuliza kwa sauti ya chini, "zinaonyesha kama ananipenda?"

"Hapana, Mzee. Zinaonyesha mawimbi. Kuna wenzetu wanasema siku za usoni zitaweza kuonyesha mtu akiwa na huzuni au furaha. Lakini hilo unaloliuliza, hapana."

Nilimwona baba akishusha pumzi. Sikuelewa kama alipumua kwa nafuu au kwa kukata tamaa. Na mimi mwenyewe sikujua nilikuwa nataka jibu lipi. Kama mashine ingeweza kuonyesha jambo hilo, nani angesoma? Angemsomea nani kwanza?

Nilirudi kazini. Kule Kibondo nilikuwa nikifundisha, nawaandikia watoto ubaoni sehemu za mwili, na nikifika kwenye ubongo mkono unasita. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Tanga, aliniambia tatizo langu ni kufikiri sana: mama amepona, mshukuru Mungu. Mwingine aliniambia hataki mzazi wake aguswe kichwa hata kwa dhahabu. Wote wawili nilikubaliana nao, kila mmoja kwa zamu yake.

Siku ya mama kuondoka ilipangwa Jumamosi. Nilikuja kumsindikiza, kwa sababu baba alisema yeye hatakwenda, na pia hatamzuia. Asubuhi ilikuwa na ukungu wa baridi kama kawaida yetu. Bajaji ilisimama nje. Mama alikuwa amefunga begi, mbegu za maharage kwenye mfuko wa kaki, jembe jipya limeviringishwa gazeti. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu mlangoni huku akiongea na dereva kuhusu mvua.

Mkono wake ukaanza. Kwanza vidole, kisha mkono wote, kisha mguu. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa kunyanyuka, akaanguka kwa magoti, halafu kwa ubavu, begi likaanguka juu yake. Nilimwinua kichwa. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa zamani, mkavu, macho tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka yakinitafuta. Nilifikiri betri imekwisha. Nikapiga kelele, "Baba, rimoti! Lete rimoti!"

Baba alikuwa amesimama karibu na kabati, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Hakwenda kutafuta. Akautoa mkono mfukoni, na rimoti ilikuwa ndani yake.

Nilimnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya baba yangu kitu. Nikabonyeza kama nilivyomwona akifundishwa, nikakosea, nikabonyeza tena. Mguu wa mama ukatulia, kisha mkono. Akabaki amelala sakafuni akipumua, gazeti la jembe limechanika kando yake.

Dereva wa bajaji alirudi kwenye bajaji yake bila kuambiwa.

"Nani amenizima?" mama aliuliza.

"Mimi," baba alisema.

Nilitarajia ghadhabu. Mwanamke yule aliyemkosoa padri kanisani, nilitarajia atasema maneno ambayo nyumba yetu haijawahi kuyasikia. Lakini aliketi, akavuta kitenge kufunika miguu, akamtazama.

"Kwa nini?"

"Nilitaka nione kama umo," baba alisema.  "Nilitaka yule wangu arudi kidogo tu, nimuulize kama na yeye anataka kwenda. Nikajua yule atanieleza ukweli."

"Ukanizima kama taa ya choo."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza kila siku! Lakini anayejibu ni nani?"

 Mama aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, ingawa haukuwa ukitetemeka tena. Nilimwona akifikiri, na nikatambua kwamba swali la baba lilikuwa limemwingia. Hakwenda Muyama siku ile. Alimlipa dereva nauli ya usumbufu, akaingia ndani, na rimoti akaichukua mkononi mwangu akaenda nayo.

Jumatatu ilipofika alimpigia daktari mwenyewe. Alimwambia ashushe umeme, si kwa sababu mumewe ametaka, bali kwa sababu yeye mwenyewe anataka kusikiliza. "Nataka nijue nikiwa na umeme kidogo, Muyama itakuwepo au itaondoka," alisema. Daktari akakubali, akamwonya kwamba mkono utarudi kusumbua. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa nyingine, kwa hiyo niliyaona yaliyofuata.

Nyumba ilitulia. Mama akawa anaongea maneno machache. Kijiko kikaanza kumwaga supu, na baba akakichukua. Nilimwona baba akitoa vichwa vya dagaa tena, makini, akiwa na utulivu usoni ambao ulinitia uchungu, kwa sababu nilijua ni furaha, na nilijua furaha hiyo imetokana na nini. Wala simlaumu. Mtu akikulisha miaka yote hiyo, kijiko kinakuwa sehemu ya mkono wake.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, mama akiokota lililooza kwa shida, linamponyoka, analiokota tena. Nikamwuliza, "Mama, na Muyama?"

Alilishika lile harage, akalitupa pembeni. 

"Bado ipo," alisema. "Naitaka vilevile. Ila nguvu ya kuitaka ndiyo sina."

"Ulikuwa hivi zamani? Kabla hujaugua?"

"Labda. Sikumbuki kama nilikuwa sitaki kusema, au nilikuwa siwezi." Akaokota harage jingine. "Hata wewe huwezi kuniambia. Wewe umenijua nikiwa nimeshanyamaza."

Jibu hilo lilinichanganya kuliko yote. Nilikuwa nimejipanga kwa jibu moja kati ya mawili: ama atasema hataki tena, na hapo tungejua ilikuwa mashine, ama atasema anataka, na tungejua ni yeye. Hili la tatu sikujua pa kuliweka. Baba nilipomweleza, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Kwa hiyo alikuwa akitaka siku zote," alisema, "au mashine imempandia mbegu na mbegu imebaki?"  Nilimpigia daktari simu nikiwa peke yangu uani, naye akasema hajui.

Mama alirudisha umeme katikati: si juu kama mwanzo, si chini. Mkono unamcheza kidogo akichoka. Akaenda Muyama baada ya mavuno ya maharage, na baba akambebea begi mpaka kituoni. Rimoti ilikuwa kwenye mkoba wa mama, na hakuna aliyeitaja.

Sasa anaishi kule na mdogo wake. Kuchaji mashine anavaa mkanda kifuani akiwa ameketi mlangoni, na umeme wa gridi ukikatika anatumia sola niliyompelekea. Ameotesha miche ya kahawa. Anabadilisha umeme mwenyewe ndani ya kiasi alichoruhusiwa na daktari: siku ya kulima anaupandisha, siku ya kwenda kusali anaushusha. Nilimwuliza kwa nini. Alisema akiwa juu hawezi kukaa kimya mbele ya Mungu. Nikabaki najiuliza Mungu anamsikia mwanamke yupi, kisha nikaona swali hilo si langu.

Baba anamtembelea. Mwanzoni alikwenda kama mgeni, na zawadi, akirudi siku hiyo hiyo. Siku hizi analala huko, wakati mwingine juma zima, ingawa kulima hakuwezi na mama mdogo anamcheka.

Mara ya mwisho nilipokuwa Muyama, daktari alinipigia. Alisema mradi unakaribia kufungwa na anakusanya maoni ya familia. Aliuliza kuhusu usingizi wa mama, chakula, kuanguka. Halafu akauliza: "Kwa maoni yako, mama ni mtu yuleyule aliyekuwa kabla ya kuugua? Ndiyo au hapana?"

Nilimtazama mama. Alikuwa bondeni kwenye miche, anazozana na mdogo wake kuhusu kivuli, mkono kiunoni. Nikasema, "Daktari, muulize mwenyewe," nikateremka nikampa simu.

Mama alisikiliza swali. "Mimi sijui, daktari," alisema. "Labda aliyekuwepo kabla alikuwa anasubiri. Labda huyu ni mwingine na amekuta nguo zinamtosha. Na mimi nina swali. Betri ikifa kabisa, nani atanipa nyingine?"

Sikusikia jibu, ila niliona lilikuwa refu. Mama alisema "sawa" mara kadhaa, akanirudishia simu.

"Wanasema bado wanajadiliana," aliniambia, akarudi kwenye ubishi wa kivuli.

Jioni, tukingoja chakula, baba alimwomba waongee. Alitaka kujua kama atarudi Kasulu siku moja, hata kwa miezi ya kiangazi tu. Aliomba kwa upole, kama aliyejifunza.  Mama alichukua rimoti kwenye mkoba, akashusha umeme kwa hatua moja, akangoja mpaka mkono ukaanza kutikisika kidogo. "Niulize sasa," alisema. Baba akauliza. Mama akasema hajui, labda, akiona kumekuwa na ukame. Kisha akapandisha, akangoja tena. "Niulize tena." Baba akauliza. Mama akasema hapana, yeye ni wa huku sasa, ila baba ahamie yeye, kuna nafasi.

Baba alinigeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyepewa hesabu yenye majibu mawili na yote yamepigiwa vema.

"Nishike lipi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

 Mama mdogo aliita kutoka jikoni kwamba nisaidie kuipua chungu, maharage yanafurika, nikainuka nikaenda.